Tovuti ipo, wateja hawaioni: mwongozo kamili wa SEO kwa anayeanza

Ukiandika jina la biashara yako Google na tovuti yako ikatokea, usishangilie bado. Anayekujua kwa jina angekupigia simu hata kama tovuti isingekuwepo. Kazi ya SEO, yaani kuiandaa tovuti ili ionekane watu wanapotafuta Google, ni kumleta yule asiyekujua kabisa: mtu yuko Mbagala saa nne usiku, simu mkononi, anaandika "bei ya kitanda cha mninga 5x6" na hana fundi yeyote kichwani. Mwongozo huu unaeleza cha kufanya ili mtu huyo akukute wewe. Huhitaji kujua kuandika programu. Unahitaji uvumilivu na nenosiri la tovuti yako.

Mifano yote nitaitoa kwenye karakana moja ya samani pale Keko, wilaya ya Temeke, Dar es Salaam. Karakana ni ya kubuni, ila Keko na ushindani wake wa vitanda, makochi na makabati si wa kubuni. Kama wewe una duka la vipodozi Mombasa, kampuni ya kupeleka watalii mlimani au kliniki ya meno Mwanza, hatua ni zilezile. Bei nitakazoandika ni za kuonyeshea tu, usizipeleke sokoni.

Google inafanya nini hasa

Roboti za Google huzunguka mtandaoni zikitoka kiungo kimoja kwenda kingine na kusoma kurasa. Kurasa zinazoonekana kufaa huhifadhiwa kwenye faharasa, yaani orodha kubwa ya kurasa ambazo Google inazijua. Mtu anapotafuta kitu, Google haiendi kuzunguka mtandaoni muda huo. Inapekua faharasa yake na kuzipanga kurasa, ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa hiyo kuna kusomwa, kuhifadhiwa na kupangwa. Wanaoanza wengi wamekwama kwenye mawili ya mwanzo, lakini pesa wanaimwaga kwenye la tatu.

Tuwekane sawa na jambo jingine mapema. Nafasi kwenye matokeo ya kawaida hainunuliwi. Matangazo ya Google ni biashara nyingine, yana alama ya tangazo, na siku ukiacha kulipa yanazimika. Anayekuahidi namba moja ndani ya wiki, ama hajui anachouza, ama atakupa namba moja kwa maneno ambayo hakuna binadamu anayeyatafuta.

Hatua ya 1: Hakikisha mlango haujafungwa

Fungua Google na uandike `site:tovutiyako.co.tz`, bila kuacha nafasi baada ya nukta mbili. Zitakazotokea ni kurasa zako zilizomo kwenye faharasa. Si hesabu kamili, lakini inatosha kukuonyesha kama upo au haupo.

Ukikuta hakuna kitu, usikimbilie kumlaumu mtu. Anza na kisanduku kimoja kidogo. Kwenye WordPress, programu inayotumika kujengea tovuti nyingi, ingia "Settings" kisha "Reading", shuka hadi chini. Kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiihifadhi tovuti hii. Mafundi hukitiki wakati tovuti inajengwa, jambo ambalo ni sahihi kabisa, halafu siku ya kukabidhi wanasahau kukitoa. Tovuti inakaa mwaka mzima ikiwaambia Google "msinihifadhi", mwenyewe anashangaa kwa nini haonekani. Kitoe tiki, hifadhi.

Kisha fungua `tovutiyako.co.tz/robots.txt`, faili linaloziambia roboti zisome nini na ziache nini. Ukiona mstari unaosema `Disallow: /` chini ya `User-agent: *`, roboti zote zimezuiwa kusoma tovuti nzima. Mkwaju, yaani alama ya `/`, ndiyo huo mmoja tu. Ukifuatiwa na jina la folda, mfano `/wp-admin/`, hakuna ubaya.

Angalia pia kama anwani inaanza na `https`. Google ilitangaza mwaka 2014 kwamba inalihesabu hilo, ingawa uzito wake ni mdogo. Kinachouma zaidi ni kivinjari kumwambia mteja kwamba tovuti yako si salama, na mteja anayetaka kutuma malipo ya awali hatasubiri maelezo. Cheti cha usalama kinapatikana bure kupitia Let's Encrypt, na kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti hukiwasha kwa kubofya mara moja. Kama umewahi kuambiwa ukilipie, uliza kwanza unalipia nini.

Sasa jisajili Google Search Console, chombo kinachokuonyesha jinsi Google inavyoiona tovuti yako. Ni bure, na ndicho chombo pekee ambacho mmiliki wa tovuti hapaswi kukikosa. Utaombwa kuthibitisha kwamba tovuti ni yako. Njia inayoshika tovuti nzima, yenye `www` na isiyo nayo, ni kuweka rekodi ya TXT (mstari wa maandishi) kwenye DNS, yaani mipangilio ya domeni, lile jina la tovuti yako: unanakili maneno wanayokupa, unayabandika kwenye akaunti ulikonunulia domeni, unasubiri. Kama neno DNS linakutia jasho, iko njia ya kupakia faili dogo kwenye tovuti, au ya kutumia Site Kit, kiongezi (programu ndogo ya kuongeza kwenye tovuti) kwa walio na WordPress.

Ukishaingia, tafuta sehemu ya "Sitemaps" uweke anwani ya ramani ya tovuti yako, yaani faili lenye orodha ya kurasa zako. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, WordPress inatengeneza ramani yenyewe, iko `/wp-sitemap.xml`. Ukiwa na kiongezi cha Yoast au Rank Math, itakuwa `/sitemap_index.xml`. Kisha bandika anwani ya ukurasa wako wa kwanza kwenye kisanduku cha juu, Search Console ikukague, na ubofye kuomba uhifadhiwe. Mara moja inatosha. Kubofya kila asubuhi hakuharakishi chochote.

Nikiwa hapa niseme jambo ambalo si la kiufundi lakini limewaliza wengi. Hakikisha domeni imesajiliwa kwa jina lako, kwa barua pepe yako, na akaunti ya Search Console ni yako. Fundi umwongeze kama mtumiaji. Biashara nyingi zinagundua siku ya ugomvi kwamba domeni, tovuti na takwimu zote ni mali ya kijana aliyewatengenezea, na simu yake haipatikani.

Hatua ya 2: Kusanya maneno ya mteja

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Mwenye karakana ataandika kwenye tovuti yake "samani bora zenye ubora wa kimataifa". Hakuna anayetafuta hivyo. Mteja anaandika "makochi ya kisasa", "bei ya kabati la nguo milango mitatu", "vitanda vya mninga Dar", "sofa za L". Wengine wanaandika fenicha, wengine samani, na wapo wanaoandika "thamani za ndani". Vipimo navyo vina sura zake: 5x6, 5 kwa 6, tano kwa sita. Google imekuwa hodari wa kuelewa kwamba haya yanakaribiana, lakini kwa Kiswahili usiitegemee iunganishe kila kitu. Maneno ya mteja yawepo kwenye ukurasa wako, yakiwa yamekaa kwenye sentensi za kawaida.

Chanzo bora cha maneno hayo unacho tayari, na ni bure: WhatsApp ya biashara. Pandisha mazungumzo ya miezi michache iliyopita, uandike kwenye daftari kila swali la kwanza ambalo mteja mpya aliuliza, kwa maneno yake, hata kama kakosea tahajia. Ukimaliza utakuwa na orodha ambayo hakuna mtaalamu wa kulipwa angekupa. Utaona maswali ni yaleyale: bei gani, mbao gani, siku ngapi, mnaleta hadi wapi, mnapokea kwa awamu.

Kisha nenda Google uandike nusu ya swali, mfano "kitanda cha mninga", uache. Zile sentensi zinazojitokeza chini zinatokana na yale watu wanayotafuta kweli. Ziandike. Shuka chini ya matokeo uone na utafutaji unaohusiana. Fanya hivyo ukiwa kwenye dirisha la faragha, maana simu yako imeshajua unapenda nini. Google Trends nayo inasaidia kulinganisha maneno mawili ndani ya nchi moja, ila kwa misemo mirefu ya Kiswahili mara nyingi itakwambia data haitoshi. Hiyo haimaanishi hakuna anayetafuta.

Kama unauza nchi mbili, angalia kila nchi peke yake. Mtanzania anatafuta nyumba ya kupanga. Mkenya ataandika nyumba ya kukodisha, au ataandika Kiingereza moja kwa moja. Kwa biashara nyingi za Nairobi, wateja wanatafuta kwa Kiingereza hata kama wataongea Kiswahili wakifika dukani, na kurasa za Kiswahili pekee zitawakosa. Tanzania mambo yamechanganyika: mtalii na kampuni kubwa wanatafuta kwa Kiingereza, mama anayepanga sebule anatafuta kwa Kiswahili. Ukihitaji lugha zote mbili, kila lugha iwe na ukurasa wake na anwani yake. Usichanganye aya ya Kiswahili na ya Kiingereza ukurasa mmoja, na usiwashe kiongezi cha kutafsiri chenyewe halafu ukaondoka. Kiswahili cha mashine kinamfukuza mteja kabla Google haijamfukuza.

Ukiwa na orodha, pitia kila msemo ujiulize: anayeandika hivi anataka nini? "Namna ya kusafisha kochi la kitambaa" anataka kujifunza. Huenda hatanunua leo. "Fundi makochi Keko" anataka namba ya simu sasa hivi. Anza na wa pili.

Hatua ya 3: Kila jambo na ukurasa wake

Tovuti nyingi za biashara ndogo zina kurasa tano: mwanzo, kuhusu sisi, huduma zetu, picha, wasiliana nasi. Vitanda, makochi, makabati na milango vyote vimerundikwa kwenye "huduma zetu", sentensi mbilimbili. Google ikitafuta ukurasa unaohusu milango ya mninga, kwako haiuoni. Inaona ukurasa unaogusa kila kitu juu juu.

Vunja. Vitanda viwe na ukurasa wao, makabati ya nguo wao, milango wao. Kitu kinachouliziwa sana, kama kitanda cha mninga cha 5x6, kipe ukurasa wake peke yake. Lakini usivuke mpaka ukatengeneza kurasa kumi zinazosema jambo lilelile, "vitanda Temeke", "vitanda Ilala", "vitanda Kinondoni", umebadilisha jina la wilaya tu. Kurasa za hivyo zinanyang'anyana nafasi zenyewe kwa zenyewe, na Google ina sera inayozipinga waziwazi.

Hatua ya 4: Andika ukurasa mmoja vizuri

Tuchukue huo wa kitanda. Nitaupitia kipande kwa kipande, kwa sababu ukiweza mmoja, iliyobaki ni kurudia.

Kichwa cha ukurasa, yaani maandishi ya rangi yanayobofywa kwenye matokeo ya Google, ndicho kitu kifupi chenye kazi kubwa kuliko vyote. Tovuti nyingi zimeacha "Home" au "Karibu Sana". Andika hivi:

*Kitanda cha mninga 5x6: bei na picha | Keko, Dar es Salaam*

Jina la kitu limetangulia, lipo neno bei, ipo mahali. Kisizidi sana herufi 60, kwa sababu kirefu hukatwa kwenye skrini. Kila ukurasa uwe na chake. Google wakati mwingine hukibadilisha ikiona hakilingani na kilichomo. Ikifanya hivyo mara kwa mara, soma ukurasa wako upya kabla ya kulalamika.

Anwani iwe fupi na isomeke: `tovutiyako.co.tz/kitanda-mninga-5x6`. Ile ya `?p=123` hurekebishwa kwenye "Settings", "Permalinks", ukachagua "Post name". Fanya hivyo tovuti ikiwa changa. Ikiwa ina umri na kurasa zake zinaonekana, usibadilishe anwani bila kuweka uelekezaji wa 301, yaani agizo la kudumu linalompeleka mtu na Google kutoka ya zamani kwenda mpya, la sivyo utaanza upya.

Maelezo mafupi yanayokaa chini ya kichwa kwenye matokeo hayakupandishi nafasi. Kazi yake ni kumshawishi mtu abofye. Sentensi mbili zenye bei ya kuanzia na muda wa kutengeneza zinatosha. Mara nyingi Google itachagua sentensi nyingine kutoka kwenye ukurasa. Ndiyo sababu sentensi za ukurasa wenyewe zinapaswa kuwa na maana.

Ndani ya ukurasa, kichwa kikubwa kimoja, halafu jibu. Usianze na historia ya kampuni. Anza hivi:

*Kitanda cha mninga cha futi 5 kwa 6 chenye droo mbili chini ni TSh 650,000 bila godoro. Tunatumia mninga mkavu, chaga ni za mbao, na kazi inachukua siku kumi tangu utoe malipo ya awali. Ndani ya Dar tunakuletea na kukufungia. Mikoani tunatuma kwa gari la mizigo, nauli ni ya mteja.*

Hesabu maswali ambayo aya hiyo imejibu. Bei, ukubwa, mbao, muda, usafiri. Mteja hana haja ya kukuuliza, na Google ina maneno ya kulinganisha na kila namna atakayouliza.

Najua utakachosema: bei hatuweki, washindani wataiona. Washindani wako wameshaijua, walituma mtu. Asiyeijua ni mteja. Desturi ya "bei njoo inbox" imetufanya tuamini kwamba kuficha bei kunaleta mazungumzo. Instagram labda. Google mtu aliyeandika neno "bei" akafika kwenye ukurasa usio na bei, anarudi nyuma na kufungua wa pili. Na kwa kuwa karibu kila mtu kaficha, yule mmoja aliyeandika anabaki peke yake uwanjani. Kama bei yako inapanda na kushuka kwa bei ya mbao, andika "kuanzia", na uandike na mwezi uliyoihakiki. Kisha uihakiki kweli.

Hili lina uzito zaidi sasa, kwa sababu Google imeanza kutoa jibu la akili bandia juu ya matokeo kwa baadhi ya utafutaji. Maswali mepesi ya jumla yanajibiwa pale pale na mtu habofyi popote. Bei ya kitanda chako, picha ya kazi yako na siku utakazotumia haviwezi kubuniwa na mashine; ni wewe tu unayevijua.

Baada ya aya ya kwanza, weka picha, kisha maswali mengine ya kwenye daftari, kila moja na kichwa kidogo. Mninga na mkongo vinatofautianaje kwa kitanda? Mnapokea kwa awamu? Mbao zikipasuka baada ya miezi mnafanya nini? Jibu kama unavyomjibu mteja aliyesimama karakanani. Ukurasa usiwe mrefu kwa ajili ya urefu. Google haina idadi ya maneno inayoitaka. Maneno yakiisha, simama. Na usirudie "kitanda cha mninga" kila mstari: ukisoma kwa sauti ukajisikia vibaya, umezidisha.

Kuhusu kuandikiwa na akili bandia: ikusaidie kupanga, sawa. Ila kumwaga makala mia zilizotungwa na mashine ili kuvuta watu ni jambo ambalo Google ililiwekea sera mwezi Machi 2024, na tovuti zinaondolewa kwenye matokeo kwa ajili yake.

Hatua ya 5: Picha nyepesi, ukurasa wa haraka

Google husoma toleo la simu la tovuti yako, si la kompyuta. Ulilolificha kwenye simu ili "lionekane safi" ni kama halipo.

Adui mkuu wa kasi kwa biashara zetu ni picha. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu ina megabaiti kadhaa, na ukurasa wenye picha kumi za hivyo unamla mteja bando lake kabla hajaona kitanda. Kabla ya kupakia, punguza upana hadi kama pikseli 1200 na uihifadhi kwa muundo wa WebP. Squoosh inafanya kazi hiyo bure ndani ya kivinjari. Picha nyingi zitashuka chini ya kilobaiti 200 bila macho kuona tofauti.

Jina la faili liwe `kitanda-mninga-droo-mbili.webp` badala ya `IMG_20240311.jpg`. Kwenye nafasi ya maandishi mbadala, eleza kinachoonekana: "Kitanda cha mninga cha 5x6 chenye droo mbili chini, rangi ya asili". Maandishi hayo humsaidia asiyeona anayetumia kisoma skrini, na husaidia picha itokee kwenye utafutaji wa picha. Kwa samani, nguo na nywele, utafutaji wa picha unaleta wateja wengi kuliko watu wanavyodhani. Piga picha zako mwenyewe. Picha ya kitanda cha Uturuki uliyoiokota mtandaoni iko kwenye tovuti elfu nyingine.

Halafu pima kasi kwa PageSpeed Insights, chombo cha bure cha Google, kichupo cha simu. Usihangaike kupata alama 100. Angalia LCP, muda ambao kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini ya kwanza kinachukua kuonekana. Lengo ni sekunde 2.5 au pungufu. Ikizidi sana, toa lile bango la picha zinazojizungusha juu ya ukurasa wa mwanzo. Nadra sana kusikia mteja aliyenunua kwa sababu yake.

Hatua ya 6: Viungo

Viungo vya ndani ni vyako na ni bure. Ukurasa wa vitanda uelekeze kwenye kitanda cha 5x6, na huo uelekeze kwenye makabati yanayofanana nacho. Maneno yanayobofywa yaseme kinachofuata: "makabati ya nguo ya mninga", siyo "bofya hapa". Ukurasa usioelekezwa na ukurasa wowote mwingine, roboti huufikia kwa shida.

Vya nje ni kazi. Google ilijengwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin juu ya wazo kwamba kiungo kutoka tovuti nyingine ni namna ya kuungwa mkono, na wazo hilo bado lina nguvu. Ndiyo maana kuna soko la kuuza viungo. Usinunue. Tangu mwaka 2012 Google ina mifumo ya kuvitambua, na siku hizi mara nyingi inavipuuza tu, kwa hiyo unakuwa umelipa pesa kwa hewa. Anza na watu mnaofanya kazi pamoja: hoteli uliyoitengenezea viti ikutaje kwenye tovuti yake, muuza mbao wako akuorodheshe, chemba ya biashara uliyojiunga nayo iweke anwani yako. Mwandishi akiandika habari za mafundi wa Keko, mpe picha na maelezo, umwombe kiungo. Viungo vya Instagram na Facebook havihesabiwi kwa namna hiyo, ingawa vinaleta watu, na watu ndio tunaowataka.

Hatua ya 7: Ramani

Kama una mahali ambapo mteja anaweza kufika, Google Business Profile, wasifu wa biashara yako unaotokea kwenye ramani ya Google, inaweza kukuletea simu kabla tovuti haijaanza kuonekana. Ni bure. Unajisajili, unathibitisha, mara nyingi kwa kupiga video inayoonyesha mtaa, kibao na ndani ya karakana. Andaa kibao kabla ya kurekodi.

Kwenye ramani Google inaangalia mambo matatu: unachouza kinalingana na kilichotafutwa, uko umbali gani na anayetafuta, na unajulikana kiasi gani. Umbali hauna la kuufanya. Kulingana, chagua aina sahihi ya biashara, ujaze bidhaa, saa za kazi na picha. Kujulikana, omba maoni. Mteja akishapokea kabati na kufurahi, mtumie kiungo cha kuandika maoni siku hiyohiyo. Usimpe punguzo ili aandike, hairuhusiwi, na usiwatumie binamu zako. Jibu maoni yote, hasa ya aliyekasirika, kwa adabu na kwa ufupi.

Jina liwe lile lililo kwenye kibao. Kulirefusha hadi "Keko Samani Vitanda Makochi Bei Rahisi Dar" kunaweza kufanya wasifu usimamishwe. Na kwa kuwa anwani za mitaa yetu hazimfikishi mtu, tumia nafasi ya maelezo kumwelekeza mteja kwa kituo cha daladala na jengo linalofahamika.

Hatua ya 8: Soma takwimu, rekebisha, rudia

Subiri. Ukurasa mpya unaweza kuhifadhiwa ndani ya siku au wiki, na kupanda kwake huenda kukachukua miezi. Kila mwanzo wa mwezi fungua Search Console, sehemu ya "Performance", uweke miezi mitatu ya mwisho. Inahifadhi data ya miezi 16, kwa hiyo baadaye utaweza kulinganisha na mwaka uliopita na kuona, kwa mfano, kama Desemba watu wanatafuta makochi zaidi.

Washa vipimo vyote vinne: mibofyo, maonyesho (mara ambazo ukurasa wako umetokea kwenye matokeo), asilimia ya mibofyo na wastani wa nafasi. Kisha panga misemo kwa maonyesho. Tuseme unakuta "kabati la nguo milango mitatu", maonyesho 400, mibofyo 3, nafasi ya 11. Mstari huo ni habari njema. Google imeshakubali kwamba ukurasa wako unahusika, imekuweka tu mwanzoni mwa ukurasa wa pili ambako hakuna anayefika. Fungua ukurasa wa makabati: je, maneno "milango mitatu" yapo? Bei ya milango mitatu ipo, au umeandika ya miwili pekee? Ongeza aya, picha na bei ya milango mitatu, ongeza kiungo kutoka ukurasa wa vitanda, kisha uache wiki kadhaa. Misemo iliyo kati ya nafasi ya 8 na ya 20 ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu ndiyo inayohitaji msukumo mdogo.

Ukiwa nafasi ya 3 na hubofywi, tatizo liko kwenye kichwa cha ukurasa au maelezo. Jitazame kwenye matokeo katikati ya wengine ujiulize ungebofya nani. Na ukibofywa sana bila simu kuita, acha SEO kwanza: angalia kama namba ya simu inabofyeka kwenye ukurasa na kama kitufe cha WhatsApp kinafunguka kweli.

Tazama pia ripoti ya kurasa ambazo hazijahifadhiwa. Usiogope wingi wake. Nyingine ni kurasa za lebo na za akaunti ambazo hazina haja ya kuonekana. Tafuta zile za biashara tu. Ikiwa Search Console inasema imeusoma ukurasa lakini haikuuhifadhi, mara nyingi umeandika kidogo mno au umeandika jambo ambalo ukurasa wako mwingine umeshalisema. Ukurasa uliokaa miezi sita bila onyesho hata moja, chukua kilicho kizuri ndani yake ukihamishie kwenye ukurasa wa karibu nao, kisha uelekeze anwani ya zamani huko kwa 301.